Kijiti Mkononi, Kidonge cha Usiku

Kati ya Januari 2011 na Desemba 2013, taarifa za wanawake 24,560 wanaoishi na virusi vya UKIMWI zilikusanywa katika vituo vya afya vya magharibi mwa Kenya vilivyosaidiwa na FACES, mpango uliokuwa ukihudumia Kisumu, Homa Bay na Migori. Kila mama alipofika kliniki, karani au muuguzi aliandika yale yale: dawa za kupunguza makali ya virusi (ARV) anazomeza, njia ya kupanga uzazi anayotumia, kama ana mimba au hana. Katika miaka hiyo mitatu ziliandikwa mimba zaidi ya 3,300. Nyingi hazikuwa na fumbo lolote. Lakini lilikuwapo fungu dogo lililohitaji maelezo: wanawake waliobeba mimba huku kijiti cha kuzuia mimba kingali mkononi, pale pale muuguzi alipokiweka.

Siku hizi mwanamke akinenepa ghafla, hedhi ikiyumba, kichwa kikimuuma au hasira zikimpanda, jirani humwambia homoni zimevurugika, na mazungumzo huishia hapo. Kilichowapata wanawake hawa wa kando ya Ziwa Victoria kilikuwa mvurugiko wa homoni kwa maana yake kamili, wenye kipimo cha damu, sababu inayojulikana na tarehe. Nadhani hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo jambo hili limeandikwa kwa watu wengi kiasi hicho, na ni haki lisimuliwe kwa lugha yetu.

Kidonge kilitangulia, kijiti kikafuata.

Kenya ilimtambua mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984. Miaka kumi na mitano ikapita kabla Rais Daniel arap Moi hajatangaza, Novemba 1999, kwamba ugonjwa huo ni janga la kitaifa. Katika miaka hiyo ya katikati, Nyanza Kusini, yaani Homa Bay na Migori, ilizika watu wake. Mtu alikonda, akaharisha, akatoka vidonda, na jamaa wakasema ni chira, adhabu ya kuvunja mwiko. Ufuoni, kuanzia Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano hadi Karungu na Muhuru Bay, mwanamke mchuuzi wa samaki mara nyingi hakuuziwa omena wala sangara mpaka awe na uhusiano na mvuvi. Desturi hiyo ya jaboya ilivibeba virusi kutoka mashua hadi mashua. Takwimu za kaunti zilizotolewa mwaka 2014 zilikadiria kwamba asilimia 25.7 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Migori ilikadiriwa kuwa na asilimia 14.7.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliingia Homa Bay mwaka 1996. Mwaka 2001, katika Hospitali ya Wilaya ya Homa Bay, likaanza kutoa ARV bure, na hospitali hiyo ikawa ya kwanza ya umma nchini Kenya kufanya hivyo. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwandani, iliyofungua mlango wa dawa za bei nafuu kutoka nje, na kampuni ya Cipla ya India ikatangaza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Kabla ya hapo matibabu hayo yaligharimu maelfu ya dola. Watu waliobebwa kwa machela wakarudi nyumbani kwa miguu, wakalima, wakaenda ziwani. Hilo lisisahaulike wakati wowote tunapohesabu madhara ya dawa hizi.

Madhara yalikuwapo. Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa na stavudine, lamivudine na nevirapine, kidonge asubuhi na kidonge jioni. Baada ya miaka michache stavudine iliyeyusha mafuta ya mashavuni, mikononi na miguuni, mpaka ikafika mahali mtu akitazamwa tu sokoni alijulikana. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iondolewe taratibu. Wagonjwa walikuwa na siri nyingine pia za kulinda. Chupa ya ARV hulia njuga mkobani, na hadi leo wapo wanaovihamisha vidonge kwenye karatasi au kitambaa kabla ya kutoka kliniki ili matatu nzima isisikie.

Kisha kulikuwa na efavirenz. Marekani iliiidhinisha mwaka 1998. Ilikuwa kidonge cha mara moja kwa siku, kilichomezwa usiku wakati wa kulala, kwa sababu kilileta kizunguzungu na ndoto kali zilizomfanya mtu aamke akihema. Faida yake ilikuwa kubwa: haikugongana vibaya na rifampicin, dawa ya kifua kikuu, kama ilivyofanya nevirapine, na Homa Bay na Migori kifua kikuu na virusi hivi vilikuwa vikitembea pamoja. Kasoro iliyoogopwa zaidi ilitoka maabara. Watoto wa nyani waliopewa efavirenz wangali tumboni baadhi yao walizaliwa na kasoro, na mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaongeza onyo kuhusu mimba. Kwa hiyo miongozo ya wakati ule ikasema hivi: mwanamke wa umri wa kuzaa apewe nevirapine, na akilazimika kupewa efavirenz, basi awe anatumia njia ya uhakika ya kuzuia mimba.

Na njia ya uhakika kuliko karibu zote ni ipi? Kijiti. Wataalamu wenyewe, kwa nia njema na kwa kumlinda mtoto ambaye hajazaliwa, ndio waliovikutanisha kijiti na kidonge katika mwili mmoja.

Vijiti vina historia yao. Taasisi ya Population Council ya New York ilitengeneza Norplant, vijiti sita laini vya plastiki vyenye homoni ya levonorgestrel, na Finland ikawa nchi ya kwanza kuviidhinisha, mwaka 1983. Baadaye sita vikawa viwili: Jadelle, kila kimoja na miligramu 75, kwa miaka mitano. Kampuni nyingine ikaja na kijiti kimoja, Implanon, chenye miligramu 68 za etonogestrel, kwa miaka mitatu. Kukiweka hakuchukui muda. Mama hulala chali, mkono asioutumia sana umekunjwa karibu na sikio. Muuguzi husafisha upande wa ndani wa mkono wa juu, huchoma sindano ndogo ya ganzi, huingiza bomba jembamba chini kidogo tu ya ngozi, huliondoa polepole huku kijiti kikibaki, kisha humwambia mama akipapase kwa kidole. Kipo. Bandeji, na kadi yenye tarehe ya kukitoa.

Kwa miaka mingi bei yake ilikuwa kikwazo. Katika mkutano wa London wa Julai 2012 serikali na wafadhili waliahidi kupanua upangaji uzazi, na baada yake Bayer ikakubali kuishusha Jadelle kutoka dola 18 hadi dola 8.50. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza Implanon ikafuata mwaka 2013. Matokeo yalionekana haraka. Uchunguzi wa kitaifa wa 2008 hadi 2009 uliwakuta wanawake walioolewa wanaotumia vijiti Kenya wakiwa asilimia 1.9, ule wa 2014 uliwakuta asilimia 9.9. Kwa mama wa Nyatike anayetembea saa nzima kufika zahanati, kijiti kilimwondolea safari ya kila miezi mitatu ya sindano na maswali ya mume kuhusu safari hizo.

Wakati huo huo, Nyanza ilikuwa ikijaribu jambo lingine ambalo halikupata sifa linazostahili. Katika vituo vingi, mama alichukua ARV mlango mmoja na kupanga uzazi mlango mwingine, siku nyingine, kwa muuguzi mwingine, katika daftari lingine. Mwaka 2013 watafiti, akiwamo Dkt. Maricianah Onono wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika vituo 18 vya Nyanza. Katika vituo 12 huduma mbili ziliunganishwa katika kliniki moja. Katika 6 zikaachwa kama zilivyokuwa. Pale zilipounganishwa, wanaotumia njia za kuaminika walipanda kutoka asilimia 16.7 hadi 36.6. Pale zilipoachwa, walitoka 21.1 wakafika 29.8. Wanawake walikuwa wakitaka njia hizo tangu awali. Kilichowashinda kilikuwa ule mlango wa pili.

Katika kliniki ya aina hiyo, muuguzi anayeandika ARV ndiye anayeandika kijiti. Rekodi za FACES, mpango wa ushirikiano wa KEMRI na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliokuwapo tangu 2004, ziliingizwa kwenye kompyuta. Sidhani kama waliozijaza walijua kwamba wanatengeneza chombo cha ugunduzi. Bila rekodi hizo, kila mimba ingebaki kuwa ya mama mmoja katika kijiji chake.

Na kwa mama mmoja katika kijiji chake, maelezo yalikuwa tayari yanamsubiri. Mume aliuliza ulikitoa lini. Mama mkwe alisema vitu hivi vya kizungu ni uongo. Muuguzi, aliyefundishwa kwamba kijiti hushindwa kwa mwanamke mmoja tu au hata pungufu kati ya mia kwa mwaka, alifikiri labda mama alikuja na mimba changa tayari. Ukitumia vidonge unaweza kulaumiwa kwa kusahau, ukitumia sindano unaweza kulaumiwa kwa kuchelewa. Aliyewekewa kijiti hana cha kusahau wala cha kuchelewa, na bado lawama ilimtafuta ikampata.

Dalili za kwanza zilizoandikwa zilitoka Swaziland, nchi inayoitwa sasa Eswatini. Mwaka 2014 madaktari wa huko waliripoti kwamba kati ya wanawake wenye Jadelle waliokuwa wakimeza efavirenz, zaidi ya mmoja katika kila kumi alishika mimba, na waliokuwa kwenye nevirapine hakushika hata mmoja. Afrika Kusini, iliyokuwa imeanza tu kusambaza Implanon, ikawatahadharisha wahudumu wake mwaka huo huo. Kampala, katika Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere, kundi la Dkt. Kimberly Scarsi lilikuwa likipima damu. Wanawake 20 waliokuwa kwenye efavirenz waliwekewa Jadelle. Kiwango cha levonorgestrel katika damu yao kilikuwa karibu nusu tu ya kile cha wanawake wasiomeza ARV, na kabla ya wiki ya 48 kutimia, watatu kati ya 20 walikuwa na mimba.

Watatu kati ya ishirini ni kishindo, lakini ni watu wachache. Hesabu kubwa ikaja kutoka ziwani. Mwaka 2015, katika jarida la Lancet HIV, Dkt. Rena Patel, Dkt. Onono na wenzao, akiwamo Profesa Elizabeth Bukusi wa KEMRI aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa FACES, walitoa matokeo ya wale wanawake 24,560. Kwa kila wanawake 100 wenye kijiti wakifuatwa mwaka mzima, waliokuwa kwenye nevirapine walipata mimba 1.1. Waliokuwa kwenye efavirenz walipata 3.3. Mara tatu.

Kwa nini? Jibu liko kwenye ini.

Homoni ya kijiti ni mfano wa projesteroni, homoni ambayo mwili wa mwanamke hujitengenezea. Huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito usiopitisha mbegu, na mara nyingi hulizuia yai lisitoke. Kwa kuwa huingia kwenye damu moja kwa moja, bila kupita tumboni, inatosha kidogo sana: Jadelle hutoa takriban maikrogramu 100 kwa siku mwezi wa kwanza, na baada ya mwaka mmoja au miwili hubaki kama 30 hadi 40. Ini nalo kazi yake ni kuvunjavunja homoni na dawa ziondoke mwilini, kwa kutumia vimeng'enya. Efavirenz ikikaa mwilini kwa wiki kadhaa huliamuru ini litengeneze vimeng'enya hivyo kwa wingi. Ni kama ndoo iliyotoboka inayotegeshwa chini ya bomba linalodondoka: ukilipanua tundu, maji yatashuka hata kama bomba halijabadilika. Kijiti kilikuwa kikidondosha kama kilivyoahidi. Tundu ndilo lililopanuka.

Ndiyo maana sindano ya Depo, yenye miligramu 150 zinazomwagwa mara moja kwa miezi mitatu, haikutetereka sana. Kiasi chake ni kikubwa mno kwa ini kukimaliza mapema. Nguvu ya kijiti, kwamba kinatosheka na homoni kidogo na hivyo hakimsumbui sana mwanamke, ndiyo iliyokuwa udhaifu wake mbele ya kidonge kile cha usiku.

Palikuwa na ishara moja mwilini ambayo wanawake wangeweza kuisoma kama wangeambiwa. Kijiti huivuruga hedhi: matone ya siku kadhaa, kisha kimya cha miezi, kisha damu tena. Wengi hulalamikia hilo, na wengine hukitoa kwa sababu hiyo. Tangu enzi za Norplant, hata hivyo, ilijulikana kwamba mwenye vijiti ambaye hedhi yake inakuja kila mwezi kwa utaratibu huenda anatoa mayai, na ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kushika mimba. Hebu mfikirie mama wa Rongo au Ndhiwa ambaye miezi sita ya kwanza damu ilimyumbisha, kisha ikatulia, ikarudi kama zamani. Angeshukuru. Angemwambia dada yake kwamba mwili umekizoea kijiti.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba kanuni yenyewe ilikuwa ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Ujerumani waliona wanawake wanaotibiwa kifua kikuu kwa rifampicin wakivuja damu ovyo na kushika mimba ilhali wanameza vidonge vya kupanga uzazi. Dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini zinafahamika kwa tabia hiyo hiyo. Kwamba efavirenz huliamsha ini lilijulikana tangu ilipoanza kutumika. Swali ambalo halikuulizwa mapema ni lile la wanawake: je, na kijiti chake? Dawa ilipimwa kwa uwezo wake wa kumwokoa mtu, kijiti kikapimwa kwa uwezo wake wa kuzuia mimba kwa wanawake ambao wengi wao hawakuwa wakimeza dawa yoyote, na mwanamke aliyebeba vyote viwili akaachwa ajipime mwenyewe.

Baada ya 2015 hatari ya pili ilijitokeza, ya kuitafsiri hesabu vibaya. Ilikuwa rahisi kutangaza kwamba mwenye efavirenz atoe kijiti. Lakini data ile ile ya Nyanza ilionyesha kwamba katika hali halisi ya maisha, waliotumia sindano walipata mimba kati ya 4 na 6 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka, na waliotumia vidonge hawakuwa na nafuu. Yaani kijiti kilichodhoofishwa na efavirenz bado kiliwalinda wanawake kuliko sindano isiyodhoofishwa, kwa kuwa sindano humtaka mama arudi kila miezi mitatu, na maisha hayaruhusu kila mara. Watafiti walilisema hilo wazi, na walifanya vyema. Mwanamke anayejua ana njia: aongeze kondomu, achague kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni kabisa, abadilishiwe ARV, au abaki na kijiti chake akijua kiasi cha hatari anachokibeba.

Anayejua. Ukweli ni kwamba kati ya 2013 na 2014, wakati onyo lilikuwa linaanza kusikika, dunia ilikuwa inaisambaza efavirenz kwa kasi. Hofu ya kasoro za watoto ilikuwa imepungua baada ya ushahidi wa kutosha kutoka kwa akina mama waliozaa wakiitumia, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka katika kidonge kimoja cha siku kwa watu wazima wote, wajawazito wakiwamo. Kenya ilikifuata mwaka 2014. Kwa mgonjwa lilikuwa jambo jema, kidonge kimoja mahali pa vitatu au vinne. Ila katika miaka ile ile ambayo vijiti viliongezeka mara tano nchini, kidonge kinachovidhoofisha nacho kiliongezeka.

Kisha ikaja dolutegravir, na historia ikajirudia kwa namna inayouma.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuanza kutumia dolutegravir ya bei nafuu, katikati ya mwaka 2017. Dawa hii huvishusha virusi upesi, haileti ndoto zile, ni ngumu kwa virusi kuizoea, na hailiamshi ini kula homoni ya kijiti. Kwa mwanamke mwenye kijiti lilikuwa jibu. Mei 2018 habari ikatoka Botswana: katika utafiti uitwao Tsepamo, kati ya wanawake 426 waliokuwa wakimeza dolutegravir waliposhika mimba, wanne walizaa watoto wenye kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Onyo likatolewa duniani kote. Kenya, kama nchi nyingine, iliwarudisha au kuwabakiza wanawake wa umri wa kuzaa kwenye efavirenz. Dolutegravir ikawa ya wanaume na ya wanawake wasioweza kushika mimba.

Tazama lilivyopangika. Mwanamke anaambiwa dawa bora si yake kwa kuwa anaweza kushika mimba. Anarudishiwa dawa ambayo humwongezea uwezekano wa kushika mimba akiwa na kijiti. Mume wake, kwenye foleni hiyo hiyo, anaondoka na chupa mpya.

Wanawake hawakunyamaza. Julai 2018 walikutana Kigali wanawake wanaoishi na virusi kutoka nchi 18 za Afrika, Kenya ikiwamo, wakatoa tamko kwamba hofu ya kasoro ambayo bado haijathibitishwa haitoshi kumnyima kila mwanamke dawa bora, na kwamba uamuzi ni wake baada ya kuelezwa. Walikuwa sahihi. Tsepamo ilipoendelea kuhesabu, kufikia 2019 ilikuwa na kasoro 5 kati ya mimba 1,683, asilimia 0.3, na miaka iliyofuata tofauti ikayeyuka kabisa. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegravir kwa wote. Efavirenz ikaanza kutoweka kwenye rafu za Homa Bay na Migori, na vijiti vikarudishiwa nguvu yake bila mtu yeyote kuvigusa.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Juni 2019, yalitoka Durban matokeo ya utafiti mwingine uliosubiriwa kwa hamu Nyanza. ECHO, uliowafuata wanawake 7,829 katika nchi nne, Kisumu ikiwa kituo kimojawapo, uliuliza kama sindano ya Depo humwongezea mwanamke hatari ya kuambukizwa virusi. Haukuona tofauti kubwa kati ya sindano, kijiti na kitanzi cha shaba. Uvumi wa miaka mingi ulipata jibu. Lakini 397 kati ya wanawake hao waliambukizwa wakati wa utafiti, karibu 4 kwa kila 100 kwa mwaka, na kwangu mimi idadi hiyo ndiyo habari yenyewe: wanawake waliokuja kupanga uzazi walikuwa wakiambukizwa bila kujali njia waliyopewa.

Dolutegravir nayo imeleta maswali ya homoni, ingawa si ya uzazi. Wanaoimeza huongezeka uzito, wanawake kuliko wanaume. Mwaka 2020 taasisi ile ile ya Kampala iliripoti kwamba kati ya wagonjwa 3,417 waliowekwa kwenye dolutegravir, 16 walipandwa na sukari ghafla, ikilinganishwa na mmoja tu kati ya 3,230 waliokuwa kwenye dawa nyingine. Wengi wao walikuwa na umri zaidi ya miaka 40 au presha. Insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye misuli, inaonekana kuzuiwa kazi yake kwa baadhi ya watu. Ni wachache sana, na hakuna sababu ya mtu kuiacha dawa. Lakini kizazi kilichookolewa Homa Bay mwaka 2001 sasa kina miaka hamsini, sitini. Ndicho kinachohitaji kupimwa sukari na presha siku ile ile kinapochukua ARV, kwenye meza ile ile.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wahudumu wengi waliolipwa na fedha hizo katika kaunti za ziwa walirudishwa nyumbani, wakiwamo wanaoingiza data. Kliniki za ARV zinaunganishwa na huduma za kawaida za hospitali. Jaribio la vituo 18 lilishaonyesha kwamba kuunganisha huduma kunaweza kufanywa vizuri. Lakini lilifanywa na watu waliofundishwa, na kilichogundua kasoro ya kijiti kilikuwa mstari wa rekodi uliojazwa kila safari, mwaka baada ya mwaka.

Na jambo lenyewe halijaisha. Mama wa Nyatike au Suba anayegunduliwa na kifua kikuu leo hupewa rifampicin kwa miezi sita, na rifampicin huliamsha ini kuliko efavirenz ilivyowahi kufanya. Akiwa na kijiti, homoni yake itashuka vivyo hivyo, awe na virusi au asiwe navyo. Vivyo hivyo kwa binti wa Awendo anayemeza kabamazepini kwa ajili ya kifafa. Muuguzi anayewaandikia dawa hizo anapaswa kuwauliza kama wana kijiti, na wao wana haki ya kulisema hata wasipoulizwa. Kondomu zitumike pamoja na kijiti muda wote wa matibabu na wiki nne baada ya kidonge cha mwisho cha rifampicin, kwa sababu ini halirudi kwenye kazi yake ya kawaida siku ile ile. Au mama achague sindano ya Depo au kitanzi cha shaba, ambavyo rifampicin haivisumbui. Kwa miezi hiyo sita ya rifampicin, kijiti hakina haja ya kutolewa.